Halingi: wapinzani wakidai vifaa vyetu havijaidhinishwa, nani apime, na lini?

Mshika_Orodha ameuliza:

Wakuu, salaam. Naomba wanaoijua halingi, ule mchezo wa Ireland wa magongo na mpira mdogo, watusaidie kunyoosha jambo moja. Kwenye mechi za ubingwa wa klabu ndani ya kaunti za Ireland, kila msimu lazima lizuke zogo la vifaa, na mara nyingi linazuka wakati ubao wa matokeo umeshaanza kumuuma mtu. Madai huwa ni matatu, yanazunguka humo humo.

Kwanza, sliotar (mipira ya halingi) za wenyeji "ni nyepesi", zinaruka kupita kiasi, matuta yake yamelika. Pili, mshambuliaji fulani kakata nondo moja ya wavu wa helmeti ili aone vizuri. Tatu, gongo la fulani lina bapa (ile sehemu ya chini ya kupigia) pana kama kafi la mtumbwi.

Ninachotaka kujua: nani mwenye mamlaka ya kupima, unapimaje pale pale uwanjani bila maabara, na timu iliyofungwa ikigundua baadaye ina haki gani? Tupeane vipimo na utaratibu, tafadhali. "Nadhani" tunazo za kutosha.

---

Refa_wa_Pili:

Mkuu, usiyafunge hayo matatu kwenye furushi moja. Mpira na gongo ni suala la haki: je, upande mmoja unapata faida ambayo mwenzake hana? Helmeti ni suala la jicho la anayeivaa na fedha za kumtibu. Ndiyo maana refa anayeweza kufumbia macho sliotar iliyochakaa hana ruhusa ya kufumbia macho wavu uliokatwa. Nianze na hilo.

Tangu 1 Januari 2010, kila mchezaji wa halingi wa ngazi yoyote anatakiwa avae helmeti yenye kinga ya uso, kwenye mechi na kwenye mazoezi. Kabla ya hapo wachezaji wa timu kubwa walikuwa huru kucheza kichwa wazi, na wengi walicheza hivyo. Kanuni ya GAA, chama kinachosimamia halingi, haisemi "helmeti imara". Inataja kiwango kwa jina lake, IS 355, kinachosimamiwa na mamlaka ya viwango ya Ireland, NSAI, au kiwango kitakachokirithi. Na wajibu umewekwa begani kwa mchezaji mwenyewe. "Nilipewa hivi na mtunza vifaa" si utetezi.

Wengi wanakosea hapa: wanadhani helmeti ikinunuliwa halali inabaki halali. Ganda na wavu hupimwa vikiwa pamoja. Ukitoa wavu wa kampuni moja ukaufunga kwenye ganda la kampuni nyingine, una helmeti ambayo hakuna maabara iliyowahi kuipiga, hata kama kila kipande kina nembo yake. Helmeti ya hoki ya barafu nayo, iwe bora namna gani, ikiwa na alama ya kiwango kingine tu haitoshi.

Kwa nini wanakata nondo? Kwa sababu sliotar inashuka kutoka juu sana, na nondo ya mlalo inayopita karibu na nyusi huifuta kwenye macho kwa nukta ile ile ambayo mkono unatakiwa uidake. Wakiiondoa wanaona vizuri, hilo ni kweli. Ila mapengo ya wavu yamepangwa ili ncha ya bapa la gongo isipenye. Ukitoa nondo moja, mapengo mawili yanakuwa moja, na ncha inaingia. Tena nondo zimeunganishwa kwa kuchomelewa ili zigawane pigo; ukikata moja, vile vipande viwili vilivyobaki havina kinachovishika, na gongo likitua juu yake vinakunjika kuelekea ndani, yaani kuelekea jicho.

Ukaguzi wa helmeti moja hauzidi dakika. Geuza, soma lebo ya ndani: jina la mtengenezaji, saizi, IS 355. Lebo ikiwa imebanduka, mchezaji ana kazi ya kukuridhisha kwa njia nyingine. Pitisha kidole kwenye makutano yote ya nondo. Nondo iliyokatwa na kupigwa tupa haijifichi: rangi ya juu imetoka, chuma kinang'aa au kimeota kutu, na mara nyingi kuna kikovu cha kuchomelea ambacho hakishiki kitu. Linganisha na helmeti ya modeli ile ile ya mwenzake, hesabu nondo. Angalia skrubu zote zipo na ni za urefu mmoja. Skrubu ndefu kupita ya asili inatokeza ndani usawa wa panja, na hiyo nayo ni marekebisho. Tazama nyufa kuzunguka matundu ya skrubu, ndipo plastiki inapoanzia kupasuka. Mwisho, mkanda wa kidevu ufunge na ukae.

Ukikuta kasoro, humfukuzi mtu. Unamwambia abadilishe. Akikataa amri ya refa ya kuvaa helmeti inayotakiwa anaonywa, na akishikilia ukaidi anatolewa nje. Timu yenye akili inabeba helmeti mbili za akiba, saizi ya kati na kubwa, na mabishano yanaishia kwenye begi.

Na kuhusu fedha: mfuko wa GAA wa wachezaji walioumia si bima ya kibiashara, ni mfuko unaochangiwa na klabu na chama chenyewe. Mchezaji aliyeumia kichwa au uso akiwa na helmeti isiyokidhi kiwango, au iliyorekebishwa, anajitoa mwenyewe kwenye mfuko huo. Mazoezi yamo pia. Kwa hiyo mpinzani anayelalamikia wavu uliokatwa, hata kama nia yake ni kuvuruga mchezo tu, anamsaidia yule anayemlalamikia.

---

Mizani_ya_Jikoni:

Refa kamaliza helmeti. Mimi nichukue sliotar, maana hapo ndipo watu wanapopiga kelele nyingi na kupima kidogo.

Vipimo rasmi ni hivi. Kipenyo kati ya milimita 69 na 72, bila kuhesabu matuta. Uzito kati ya gramu 110 na 120. Matuta, yaani zile kingo zilizotuna pale vipande viwili vya ngozi vinaposhonwa, yawe na kimo cha milimita 2 hadi 2.8 na upana wa milimita 3.6 hadi 5.4. Ngozi yenyewe iwe na unene wa milimita 1.8 hadi 2.7, na ile tabaka inayopakwa juu yake isizidi milimita 0.15. Kuna na kipimo cha jinsi mpira unavyorudi ukipigwa, lakini hicho ni cha maabara. Mtu asikudanganye kwamba ameupima kwa kuudundisha kwenye lami.

Uwanjani unahitaji mizani ya dijitali inayosoma gramu 1, na kalipa, kile kifaa cha meno mawili cha kupimia kipenyo. Basi.

Anza kwa kuikagua mizani yenyewe, vinginevyo mpinzani ataikataa na atakuwa na haki. Sarafu ya euro 2 ina gramu 8.5. Weka sarafu 13: lazima isome 110 au 111, kwa kuwa jumla ni 110.5. Ongeza ya 14: lazima isome 119. Mizani ikipita mtihani huo, umeshaithibitisha karibu na mipaka yote miwili ya sliotar, mbele ya macho ya wote, kwa fedha iliyotoka mifukoni mwa waliopo. Sijui njia nyepesi kuliko hiyo ya kumaliza ubishi.

Kisha kipenyo. Hapa watu wanaharibu. Wanatoboa ubao tundu la milimita 72 na kupitisha mpira, mpira unakwama, wanashangilia. Umekwama kwa sababu ya matuta, na matuta hayahesabiwi. Tumia kalipa, meno yake yakae juu ya ngozi tambarare pande zote mbili. Pima pande tatu tofauti. Mpira uliogongwa sana hubonyea upande mmoja, unaweza kusoma 70.5 huku na 68.6 kule. Huo utoe, usianze kutafuta wastani.

Kimo cha tuta pima kwa ule ulimi mwembamba unaochomoza nyuma ya kalipa: kalisha mwili wa kalipa juu ya tuta, shusha ulimi hadi uguse ngozi ya kando. Fanya sehemu nne. Sliotar iliyopigwa ukutani wiki nzima unaikuta imebaki na 1.6 au 1.7 mahali ambapo zege limeisugua, na kwingine iko sawa.

Mnalalamika "inaruka mno", lakini mara nyingi uzito uko sahihi na kilichobadilika ni tuta. Bapa likikutana na tuta refu mpira unapinda kidogo na kupoteza sehemu ya pigo. Tuta likiwa fupi pigo linatoka safi. Kwa upande mwingine tuta ndilo linaloishika sliotar kiganjani, kwa hiyo mpira uliolika ni mzuri kuupiga na mbaya kuudaka. Faida haiendi upande mmoja kama watu wanavyodhani. Inakwenda kwa timu inayopiga kutoka mbali.

Jambo jingine ni joto. Kiini cha siku hizi ni povu gumu la plastiki, na kikiwa baridi hakichangamki kama kikiwa na joto. Mipira iliyokaa ndani ya gari kwenye joto na ile iliyolala kwenye banda la baridi usiku kucha haitaruka sawa ingawa zote zina gramu 115. Kanuni haina kipimo cha joto. Dawa ni kwamba mipira yote ya mechi ikae sehemu moja, sanduku moja, tangu timu zinapofika.

---

Mshika_Orodha:

Asanteni sana, hii ya sarafu nimeipenda. Maswali mawili ya nyongeza. Mvua ikinyesha, mpira unasoma 124, je, umeshakuwa haramu? Na ile rangi ya njano, mpira mweupe ukiletwa una kasoro?

---

Mizani_ya_Jikoni:

Mvua: ngozi inakunywa maji, hasa tabaka la juu likishachubuka, na mishono inakunywa zaidi. Sliotar ya 118 ikiwa kavu inavuka 120 bila shida yoyote baada ya nusu ya kwanza yenye matope. Kipimo kina maana kwenye mpira mkavu. Ndiyo sababu nasema pima kabla ya mchezo kuanza. Anayekuja na mizani dakika ya 50 kwenye mvua anapima mvua. Suluhisho la uwanjani ni kuwa na mipira mikavu ya kutosha nyuma ya kila goli na kuibadilisha.

Njano: rangi hiyo iliingia rasmi kwenye ubingwa wa kaunti mwaka 2020 ili mpira uonekane vizuri zaidi, hasa chini ya taa. Lakini rangi si ithibati. Yeyote anaweza kupaka ngozi njano. Kinachotazamwa ni alama ya GAA na jina la mtengenezaji aliyeidhinishwa. Alama ikiwa imefutika kwa uchakavu, mpira huo umeshamaliza kazi yake hata kama uzito uko sawa. Peleka mazoezini.

GAA yenyewe ilishaona kwamba alama ya wino haitoshi. Mwaka 2023 kwenye ubingwa wa vijana chini ya miaka 20 ilianza kutumika sliotar yenye chipu ndani ya kiini. Waamuzi wanaisoma kwa kifaa na kujua papo hapo kama mpira ni katika ile iliyoidhinishwa. Chipu haimwambii refa kwamba mpira umelika au umelowa, inamwambia umetoka wapi tu. Lakini ule mchezo wa kipa kuchomoa mpira wake anaoupenda kutoka kwenye taulo wakati wa kupiga mpira wa kuanzia golini unakuwa mgumu.

Kwa wanaouliza kelele zote hizi za nini: fainali ya Ireland yote ya 2021 Limerick waliifunga Cork 3-32 kwa 1-22. Mabao 3 na pointi 32 (mipira iliyopita juu ya mwamba wa goli) kwa timu moja, na pointi zinatoka hata nusu yao wenyewe. Wapo wanaotaka mpira uongezwe uzito au matuta. Huo ni mjadala wa kubadili kipimo. Usiuchanganye na madai kwamba mpira fulani umekiuka kipimo kilichopo, maana mipira hiyo ilikuwa halali.

---

Bapa_13:

Gongo basi, maana naona linarukwa.

Kanuni inayobishaniwa ni moja: bapa, pale lilipo pana zaidi, lisizidi sentimita 13. Urefu wa gongo kila mtu anachagua kulingana na kimo chake.

Fundi mzuri hachongi 13 kamili. Fanya hesabu. Bapa la mti likiwa 12.9, ukalifunga mkanda wa bati kuzuia lisipasuke, bati lina karibu nusu milimita kila upande, tayari uko kwenye 13.0. Mchezaji akazungushia utepe juu ya bati ili misumari isikwaruze watu, umevuka. Aliyenunua gongo halali ametengeneza gongo haramu jikoni kwake bila kujua. Ndiyo maana busara ni kuchonga 12.5 na kuacha nafasi ya bati na utepe. Na upimaji uwe wa gongo kama linavyoingia uwanjani, na mikanda yake yote.

Namna ya kupima: chukua ubao, kata mfereji wenye upana wa sentimita 13 kamili, pitisha bapa likiwa limesimama kwa ubavu. Likipita, limepita. Rula inaleta ubishi kwa sababu bapa lina mviringo, na kila mtu anaona "sehemu pana zaidi" mahali pake. Mfereji hauna maoni.

Kipa muwe naye makini. Kwa desturi bapa lake ni kubwa kuliko la wengine, kwa hiyo msibebe ubao wa mchezaji wa ndani (asiye kipa) mkaenda nao golini kabla ya kuelewana na refa. La kuangalia ni lile la mchezaji wa ndani anayeazima gongo la kipa kwenda kupiga mpira wa adhabu. Wabeba magongo pembeni wana magongo ya kila aina mikononi, na kubadilisha gongo ni jambo la sekunde tano. Refa atazame mikono yao.

Zaidi ya upana, gongo linaweza kukataliwa kwa hatari. Mkanda wa bati uliolegea na kona yake kuinuka ni wembe. Kichwa cha msumari kilichochomoza vilevile. Ufa unaokwenda na nyuzi za mti hadi shingoni utaachia kipande kiruke kwenye pigo linalofuata. Shika bapa kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, kunja kidogo, sikiliza. Gongo zima halisemi kitu. Lenye ufa linatoa kamlio kakavu.

Na acheni kulalamikia gongo kwa sababu tu si la mti wa ashi. Ugonjwa wa kuvu unaokausha miti hiyo ulionekana Ireland kwa mara ya kwanza mwaka 2012, na tangu hapo mbao nzuri za shina la chini, zile ambazo nyuzi zake zinapinda zenyewe kufuata bapa, zimezidi kuadimika. Yapo magongo ya mianzi yaliyobanwa kwa gundi, yapo ya plastiki na nyuzi za viwandani, na wachezaji wa timu za kaunti wanayatumia. Yanavunjika kwa namna nyingine tu: mti wa ashi unachanika kwa urefu, la viwandani linaweza kukatika mara moja na kuacha kingo kali. Upana wake unapimwa kwa mfereji ule ule.

---

Kifungu_kwa_Kifungu:

Nijibu lile la rufaa, kwa sababu ndipo klabu zinapopoteza muda na fedha.

Mwenye kuamua uwanjani ni refa peke yake. Waamuzi wanne wa magoli na washika vibendera wawili wanaweza kumwambia walichoona, lakini mpimaji mwenye amri ni yeye. Kapteni au ofisa wa timu anaweza kumwomba aangalie. Hawezi kwenda kumnyang'anya mpinzani gongo na kulipima. Hilo lenyewe ni kosa.

Baada ya mechi, ripoti ya refa ndiyo ukuta. Ikiwa haina neno kuhusu kifaa, kamati ya mashindano ya kaunti inakuwa na karatasi isiyosema chochote upande mmoja na maneno yenu upande mwingine. Kwa hiyo malalamiko yatolewe kwa refa mchezo ukiwa umesimama, na aombwe ayaandike. Mwombeni kwa adabu, kwa sentensi moja: "Refa, tunaomba iandikwe kwamba dakika ya 20 tuliomba sliotar ikaguliwe." Ameona au hakuona, sentensi hiyo ina uzito.

Pili ni kifaa chenyewe. Sliotar mnayoidai ni nyepesi imeshapigwa ikapotea vichakani, au imerudi kwenye sanduku na wenzake 11. Mtathibitishaje ni ile? Ukitaka dai la mpira lisimame, refa auchukue mwenyewe, autie kwenye mfuko, aandike dakika na saini, na aukabidhi kwa kamati. Ukiuchukua wewe na kwenda kuupima nyumbani, swali la kwanza utakaloulizwa ni ulilala wapi.

Tatu, mnaomba nini? Mechi kupokonywa ushindi ni adhabu nzito, na kwa kawaida inahusu mchezaji asiyestahili kucheza, idadi ya wachezaji, timu kukataa kuendelea. Kifaa kinarekebishwa pale pale: badilisha mpira, badilisha gongo, vaa helmeti nyingine. Mliokaa kimya mkijua, mkasubiri matokeo ndipo mlalamike, mtaulizwa kwa nini hamkusema wakati lilikuwa linarekebishika. Sioni jibu zuri la swali hilo.

Ngazi za kupanda zipo. Kwenye kaunti kuna kamati ya mashindano, kisha kamati ya kusikiliza, kisha jimbo: Munster, Leinster, Ulster au Connacht. Mechi za kaunti kwa kaunti zinaanzia CCCC, kamati kuu ya mashindano, kisha CHC ya kusikiliza, kisha CAC ya rufaa. Juu kabisa iko DRA, baraza la usuluhishi lililoanza 2005, na huko hufiki kabla hujamaliza ngazi za ndani. DRA haichezi mechi upya. Inatazama kama kanuni na utaratibu vilifuatwa.

Mfano wa safari hiyo unahusu helmeti, ingawa si helmeti mbovu. Mwaka 2017 Tadhg de Búrca wa Waterford alitolewa kwenye robo fainali dhidi ya Wexford kwa kosa la kushika helmeti ya mpinzani. Kuvuta wavu au helmeti ya mtu kwa makusudi ni kadi nyekundu. Waterford walipanda ngazi zote hadi DRA, wakashindwa, na mchezaji akakosa nusu fainali na Cork. Hapo palikuwa na picha za televisheni na ripoti ya refa iliyoandikwa wazi. Ninyi mna picha ya simu iliyopigwa kutoka jukwaani, na sliotar ndani yake ni nukta ya njano.

Muda wa kuwasilisha pingamizi ni mfupi na unahesabiwa kwa siku. Andika kifungu mnachodai kimevunjwa kwa namba yake. Pingamizi nyingi zinafia kwenye fomu kabla mtu hajasoma hoja.

---

Refa_wa_Pili:

Naongezea kwa walio na timu za watoto na camogie (halingi ya wanawake), kwa sababu zogo lao ni la aina nyingine. Sliotar zina namba. Namba 5 ni ya wakubwa; namba 4 ni ndogo na nyepesi, na ndiyo iliyozoeleka camogie na kwa watoto. Mara nyingi dai la "mpira haujaidhinishwa" kwenye mechi hizo ni namba tu zilizochanganyika kwenye begi moja, na mtoto aliyezoea 4 akidaka 5 vidole vinamwambia kabla ya refa. Soma namba kwenye ngozi, tenga mabegi.

Na utaratibu ninaoupendekeza siku ya mechi, Mshika_Orodha, ni huu. Dakika 40 kabla ya kuanza, maofisa wa timu mbili na refa wakutane kwenye sanduku la mipira. Toeni sliotar tatu bila kuchagua, pimeni uzito na matuta mbele ya wote. Zikipita, sanduku lifungwe na likae kwa refa au kwa mwamuzi wa goli hadi mpira wa kwanza. Ikishindwa moja, pimeni zote. Wakati huo huo mfereji wa sentimita 13 upite kwenye magongo ya akiba ya pande zote, maana hayo ndiyo yanayoingia bila kutazamwa. Helmeti zikaguliwe timu ikiwa imepanga mstari, kabla ya kuwasha misuli.

---

Mshika_Orodha:

Nimeelewa. Nimeshaandika ujumbe kwa ofisa wa timu pinzani kwa mechi ijayo, nikapendekeza dakika 40. Amejibu kwa neno moja: "Sawa." Sarafu 14 nitaleta mimi.